Kikombe cha Uani kwenye Nyumba ya Mgodi

Juzi nilikuwa ofisi ya mtaa hapa Mpanda nikisubiri muhuri, akaingia mama mmoja mwenye udongo mwekundu kwenye pindo la kitenge. Amenunua nyumba kuukuu ya wafanyakazi wa ule mgodi uliofungwa zamani. Alipokuwa akichimba msingi wa jiko uani, alikuta kaburi dogo, la kimo cha mtoto, na juu yake kikombe cha bati kilichotobolewa kitako. Kikombe cha marehemu hutobolewa hivyo, kikaachwa kaburini kwake.

“Nataka kujua nani waliishi pale,” akasema.

“Mama, walipita wengi,” mtendaji akajibu, macho kwenye simu. “Wafipa, Wabende, Wanyamwezi. Wewe hamisha msingi, yaishe.”

“Msingi nimeshahamisha. Nawatafuta wenye mtoto. Niliambiwa familia moja ilihamia Karema, nikaenda, kumbe sio wao. Kesho naenda Inyonga.”

“Ukiwakosa Inyonga?”

“Kasekese.”

“Na huko je?”

Mama akafungua kitenge, akakifunga upya kiunoni, akakaza.

“Basi mwenye mtoto ni mimi. Hawezi kulala kwangu halafu akakosa mama.”

Mtendaji akaiweka simu mezani. “Hicho kikombe,” akauliza taratibu, “ni cha rangi gani? Huenda kuna mzee atakayekitambua.”

Mimi mwenyewe nimepanga kwenye nyumba zilezile za mgodi. Siku ya kuhamia niliuliza swali moja tu: maji yanatoka?