Kishungi cha Majani Kilichokatwa na Roboti ya Mwanangu

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Admin, ficha jina langu, huku tunajuana hadi ndala. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mjane, naishi peke yangu Kyela upande wa vilima. Nimezaliwa Ipyana bondeni, nikaolewa huku juu kwenye uwanja mkubwa wenye mteremko ambao ukishuka na ndoo kichwani unasali kwanza. Nina mtoto mmoja wa kiume, nimwite Ambakisye ingawa si jina lake. Ana miaka thelathini na nne, yuko Dar, ana kazi nzuri na moyo mzuri. Nayasema haya mapema ili msije mkamtukana.

Ambakisye alizaliwa na pacha wa kike. Mwenyewe hajui. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, baba yake anavuka Songwe kila wiki kwenda Malawi kufuata vitenge. Yule wa kike aliishi siku kumi na moja. Mama mkwe akamfunga kwenye kitenge kipya kilicholetwa kuuzwa, akazikwa kule chini mteremkoni bila msiba, bila kilio, bila hata jiwe. Kisha akaniambia, "Huyu usimtaje mbele ya mwenzake. Ukimtaja, atamwita amfuate." Nilikuwa na miaka ishirini na tano, titi moja linanyonywa, la pili limejaa hadi linauma. Nikajibu ndaga, mama. Yaani nilishukuru, fikirieni.

Basi nikatafuta ujanja wangu. Kwetu uwanja lazima ufyekwe, ukiacha nyasi zirefuke watu wanakuja kuuliza kama kuna mgonjwa. Nikawa nafyeka uwanja wote, nikifika pale alipozikwa naacha kishungi cha majani upana wa ungo. Mama mkwe akiuliza, nasema pana siafu. Mume wangu hakuuliza hata siku moja, ila zamu yake ya kufyeka ikifika, naye alikuwa anapazunguka. Hayo ndiyo mazungumzo pekee tuliyowahi kuwa nayo kuhusu binti yetu mpaka anakufa.

Mwaka jana Ambakisye alinikuta nimeinama na fyekeo, mgongo umegoma kunyooka. Akaumia sana. Safari iliyofuata akaja na fundi na mashine ya kukata majani inayojiendesha yenyewe, imekaa kama kobe. Inapanda kilima, inashuka, ikichoka inarudi kwenye kibanda chake kula umeme. Majirani walijaa hapa kama kuna ubatizo. Fundi akaeleza kwamba unafukiwa waya ardhini, na mashine ikifika kwenye waya inageuka. Ambakisye akanishika mkono tukazunguka uwanja, akasema, "Mama, nionyeshe mahali pote isipotakiwa kupita."

Nikamwonyesha kaburi la baba yake, la bibi yake, bustani ya mboga, miche ya kakao. Tukafika kwenye kishungi, akauliza na hapo je. Nikasema, "Hapo pana siafu tu." Akacheka, akasema siafu hawaiwezi mashine hii. Yale maneno yangu manne nimeyarudia kichwani mpaka nimechoka nayo.

Mjinga mimi, nikadhani nitaimudu. Kila asubuhi kabla haijatoka nashuka kukifunika kishungi kwa beseni la bati na jiwe juu, ikigonga inageuka. Kumbe mashine ile ina umbea, inampelekea Ambakisye taarifa kwenye simu yake huko Dar. Akanipigia kuuliza ni kitu gani inakigonga kila siku mahali palepale. Nikasema nitaangalia. Baadaye nikaenda Mbeya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, nikakaa kwa dada yangu mwezi na siku kadhaa. Beseni nililiacha limefunika; huku nyuma Ambakisye akampigia jirani akaangalie kinachogongwa na kukiondoa. Alifanya kwa nia njema kabisa.

Nimerudi na macho mapya, nakuta uwanja mzima ni kijani kimoja. Nikaacha begi mlangoni nikashuka. Mteremko ule hauna mti wala jiwe, na miaka yote nilifuata kishungi, sikuwahi kuhesabu hatua. Nikasimama nikasema ni hapa, nikasogea nikasema hapana, ni pale. Nikalia kwa sauti, kile kilio walichonikataza mwaka ule. Jirani akaja mbio akidhani nimepigiwa simu ya msiba. Nikamwambia ni macho, yanauma. Beseni alilitoa wapi hasa, naye hakumbuki.

Nikaizima mashine. Siku hiyohiyo Ambakisye akapiga kuuliza kulikoni, nikamwomba aiache ipumzike kidogo. Akasema, "Mama, kama hupendi vitu vyangu uniambie tu." Tangu hapo ananipigia Jumapili kwa Jumapili, umeamkaje mama, umekula, basi. Mtoto aliyekuwa ananisimulia hadi ugomvi wa ofisini kwao.

Mimi ni mzee wa kanisa, nasimama mbele za watu nasoma neno, sikupaswa kuogopa maneno ya mama mkwe aliyekwisha kufa. Naogopa. Huyu ndiye niliyebaki naye. Nikimwambia, halafu akaugua hata malaria, nitajua ni mimi. Nisipomwambia, ananitoka hivihivi nikimwona, na dada yake nimeshampoteza mara mbili.

Sasa ni wiki ya sita mashine haijatoka. Kila asubuhi nashuka kuangalia, nasema labda majani ya pale juu yake yataota tofauti na mengine yanijulishe. Yanaota yote sawasawa.

Ambakisye anakuja mwisho wa mwezi huu. Nyinyi mliozaa, na nyinyi mlioondokewa na pacha wenu, semeni nami bila kunionea aibu. Nimshike mkono kama alivyonishika, nishuke naye mteremkoni? Na nikishuka naye, jamani, nimwonyeshe wapi?