Cherehani kwa Jina la Odwori

Apendi alishona sare za shule kwa miaka kumi na minne kwenye baraza moja mjini Busia, upande wa Uganda, akikanyaga cherehani ya miguu mpaka goti la kulia likaanza kumgomea. Basi siku Maggie, jirani yake anayebadilisha pesa kwa wavukao mpaka, alipomwonyesha kwenye simu cherehani ya umeme ya duka moja la mtandaoni, macho yalimtoka.

"Unalipa kidogo leo, Mama Juliet, zingine unalipa kila mwezi mpaka mwaka uishe," Maggie alisema. "Wanakuletea mpaka hapa mlangoni."

Kikwazo kilikuwa kimoja. Laini ya simu ya Apendi ilisajiliwa kwa jina la marehemu mumewe, na duka halikukopesha mtu ambaye jina la laini yake halikufanana na kitambulisho. Akamwendea mdogo wake, Odwori, aliyeendesha bodaboda ya mtu na kumpelekea mwenye pikipiki pesa kila jioni. Odwori hakuuliza mengi. Alitoa kitambulisho, akabonyeza "nakubali" kila neno hilo lilipojitokeza.

"Wewe ulinilipia karo, dada. Mimi nakataaje?"

Cherehani ilifika siku ya nne. Miezi mitatu ya kwanza Apendi alilipa kabla ya tarehe, na goti likapata nafuu. Kisha shule moja ya njia ya Lumino, iliyompa kazi kila mwaka, ikanunua sare zilizoshonwa tayari ng'ambo ya mpaka. Mwalimu mkuu alimkaribisha soda, akamwambia bei ya huko ni nusu ya yake. Apendi akainywa soda yote, maana hakujua afanye nini kingine.

Mwezi wa nne alilipa nusu. Wa tano hakulipa kitu, na duka likaongeza faini juu ya faini. Ujumbe ulipoingia kwenye simu ya Odwori, alipita barazani kuuliza.

"Nimelipa," Apendi alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Ni mtandao tu unachelewa."

Odwori akaamini. Akaamini tena mwezi uliofuata.

Wakati huo zamu yake ilikuwa imefika katika chama cha akiba cha waendesha bodaboda. Miaka mitatu alikuwa akiweka akiba ili akopeshwe pikipiki yake mwenyewe. Mkutanoni, katibu wa chama, Emojong, akasoma majina hadi akafika kwa Odwori. Jina hilo, alisema, limo kwenye orodha ya wasiolipa madeni. Odwori akasimama, akaapa mbele ya wanaume arobaini kwamba hadaiwi hata shilingi. Emojong akampa simu ajisomee mwenyewe.

Odwori alikuja barazani akitembea kwa miguu.

"Dada, uliniambia ni mtandao."

"Ningelipa mwezi huu."

"Ungeniambia, tungeuza hata mbuzi wa nyumbani." Sauti yake haikupanda. "Deni haliniumi. Mimi nimeapa, dada. Nimeapa kwa neno lako."

Apendi alitaka kumshika mkono, lakini akaishia kukunjakunja kitambaa. Odwori akaondoka bila kugusa chai aliyowekewa.

Juma hilohilo Apendi aliuza cherehani ya zamani. Akaacha kununua nyama, akashona mapazia, akatia viraka suruali za madereva wa malori waliosubiri kuvuka, na kwa muda wa miezi saba akamaliza deni lote pamoja na faini zake. Lakini pikipiki ilikuwa imekwenda kwa mwingine, naye Odwori alikuwa amechukua akiba yake na kurudi kijijini kwao Nabuyoga kulima mihogo.

Krismasi Apendi alimfuata huko na sukari na shati alilomshonea. Odwori alipokea kwa mikono miwili. Mkewe alichinja kuku. Walizungumza juu ya mvua, juu ya bei ya mihogo, juu ya ndoa ya binti wa jirani. Kila Apendi alipofungua mdomo kulitaja jambo lile, mdogo wake alikumbuka kazi fulani nje, akainuka. Jioni alimsindikiza dada yake hadi barabarani, akamtafutia pikipiki, akamlipia nauli kabla hajafungua mkoba, na akamtakia safari njema.

Hajakanyaga Busia tena.