Tulipiga kura kumfuta mjane kwenye zamu ya maji, na kura ilikuwa halali

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mzee wa Mamba, Same huku milimani. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi zimepandana vumilieni. Ninachoandika ni kweli tupu, na kinaniumbua mimi mwenyewe.

Huku tunalima tangawizi. Maji tunapata kwenye ndiva, bwawa la udongo walilochimba mababu. Usiku linajaa, asubuhi tunafungulia mfereji, kila mtu na zamu yake.

Wapo wanaosema ndiva ina wenyewe wasioonekana. Mimi Mlutheri, sisemi kitu. Ila nikifika pale viatu navua.

Sasa mwaka huo mvua zilikata mapema. Ndiva ikawa inafika nusu, maji yanapotelea njiani kabla ya shamba la mwisho, la Mama Elinami, mjane wa rafiki yangu.

Kwenye mkutano mmoja wetu akasema, "Tunanywesha mfereji, siyo tangawizi. Zamu ya mwisho ifutwe, maji tugawane."

Mwenyekiti wa kikundi cha maji nilikuwa mimi. Nikasema tupige kura.

Akasimama Mwalimu Eliakimu, mstaafu, alikuwa anafundisha uraia. Huyo akishika mada haachii. Msibani kwa dada yangu alitueleza mambo ya mabunge mpaka wali ukapoa.

Siku hiyo akatupeleka Marekani. Eti kule kwenye Seneti jimbo kubwa lina viti viwili na jimbo dogo viwili, mkubwa asimmeze mdogo. Tena katiba yao ina haki zilizowekwa pembeni, wengi hata wajae ukumbi hawazifuti kwa kunyoosha mikono tu.

"Mwalimu, huko Marekani nako wana ndiva?" mmoja akauliza kutoka nyuma.

Tukacheka mno.

"Ndiva hawana," akasema. "Weusi walikuwa nao. Wengi waliwanyima kura miaka na miaka, na katiba ipo kabatini. Ndiyo maana nawaambia, maji ya mtu hayapigiwi kura."

"Wengi wape, Mwalimu! Kaa chini!"

Nikahesabu mikono. Waliokataa wawili, Mwalimu na mjane mwenyewe.

Mkono wangu ulikuwa juu, sifichi. Shamba langu limepakana na lake, na maji yake mengi yaliingia kwangu.

Baada ya wiki mbili tukawa na msaragambo, ile kazi ya wote ya kuzoa tope ndivani. Asiyefika anapigwa faini.

Mama Elinami akaja na jembe lake.

"Shemeji, na huku mmenifuta?"

Nikafungua daftari. Jina lipo. Tulipiga kura ya maji, ya kazi hakuna aliyeikumbuka.

Ningeweza kumwambia rudi nyumbani. Lakini watu walikuwa wananitazama, nikaogopa kuonekana napendelea.

"Utaratibu ni utaratibu, shemeji."

Akaingia kwenye tope mpaka magotini. Akazoa mpaka mchana, tope la maji ambayo hatayapata.

Tangawizi yake ikanyauka. Akaing'oa changa, akafunga nyumba, akateremka Same mjini kwa dada yake. Mtu wa ukungu huyo, kaenda kukaa kwenye joto na vumbi la barabara kuu. Kifua kikamkamata.

Nikamfuata na mkungu wa ndizi. Nilikwenda kuomba msamaha, mdomo ukatoa utetezi.

"Shemeji, unajua kura ilikuwa halali."

"Najua," akasema, anahema. "Ingekuwa wizi ningekwenda polisi. Sasa nimshitaki nani?"

Nikamwachia ndizi, nikaaga. Msamaha wenyewe sikuusema.

Tulimzika huku huku milimani, kabla ya masika. Tulijaa tele. Karibu wote tulionyoosha mikono tulishika koleo.

Tangawizi yangu mwaka huo ilikubali kweli kweli.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: kabla ya kuuliza wangapi wanakubali, uliza kama jambo lenyewe ni la kuulizwa. Uenyekiti nimeuacha, ila kuuacha hakumrudishi mtu.

Wenye vikundi, vikoba, kwaya, ushirika: yale ambayo wengi hawaruhusiwi kuyagusa mmeyaandika wapi? Semeni. Na anayetaka kunitukana anitukane, nitasoma zote.