Mwaka Godoro Lilipogoma Kukauka

Watu wa joto wakisikia habari za baridi ya Njombe husema wangependa kuja kupumzika. Waje na kikojozi wao kwanza. Wafue mashuka kila asubuhi kwa maji yanayouma vidole, ukungu umelala kijijini kwetu Yakobi mpaka saa nne, halafu waniambie hiyo habari ya kupumzika.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa na bado alikuwa akikojoa kitandani. Godoro lake nililisimamisha jikoni kando ya moto, chini ya kichanja cha mahindi ya mbegu. Lisipokauka namwambia, "Ongeza kuni." Kila asubuhi ndiyo salamu yetu: ongeza kuni. Nilikuwa nimechoka, jamani. Nilichoka mpaka hata hasira ya kumgombeza ikaniishia.

Kisha akapata nafasi ya bweni kwa masista, Uwemba. Nilifurahi siku moja tu. Siku ya pili nikawaza chumba kimoja kimejaa wasichana, na shuka la mwanangu limeanikwa mbele ya macho yao. Watamcheka mpaka akimbie shule.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka ya dawa yanachipuka kama uyoga, na mimi kila wiki nilipeleka viazi Makambako. Hospitali ya mjini sikutaka, kwenye foleni kuna majirani. Mficha maradhi kifo humuumbua, nalijua hilo tangu utotoni, lakini nikaingia duka moja la Makambako na kunong'ona shida yangu. Muuzaji hakuuliza uzito wa mtoto wala kama moyo wake ni mzima. Alifunga vidonge kwenye kipande cha gazeti. "Kimoja kabla ya kulala. Vitamkausha." Ni dawa gani, hakusema, nami sikuuliza.

Vilimkausha kweli. Siku nne mfululizo, godoro kavu. Ya tano akalowesha. Vidonge nilivitunza ndani ya gazeti lilelile, kwenye kopo juu ya kichanja, pasipo na unyevu, mahali ambapo mtoto akipanda kigoda anafika.

Jumamosi, siku mbili kabla ya kwenda bwenini, nilirudi alasiri kutoka Makambako nikamkuta ameketi mbele ya moto. Uso unachemka, midomo imekauka hadi kupasuka, anachumachuma vitu hewani ambavyo mimi sivioni. Kopo la vidonge liko miguuni pake, wazi, karibu tupu.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimeongeza kuni, mama."

Mungu wangu! Nilimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, nikakimbia naye mpaka barabarani, lori la mbao likatufikisha hospitalini Njombe. Lile gazeti nililishika mkononi, vidonge viwili vimebaki kwenye mkunjo. Hicho ndicho kitu pekee cha akili nilichofanya mwaka ule.

Daktari alivigeuzageuza kiganjani. "Mama, hizi ni dawa za watu wenye ugonjwa wa huzuni," alisema. "Mtoto anayekojoa kitandani anaweza kupewa, ndiyo, lakini daktari ampime kwanza, na mtu mzima ndiye ampe kwa mkono wake, kisha azifungie. Zikizidi zinavuruga moyo." Nilisubiri anigombeze. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Muuguzi alikuwa akija kumsikiliza moyo, kisha anabonyeza tumbo la chini, lililokuwa limejaa na kuwa gumu. Dawa ilikuwa imefunga mkojo.

"Amekojoa?"

"Bado, sista."

"Akikojoa tutapumua. Ikifika jioni bado, tutamwekea mpira wa kutolea mkojo."

Jumapili nzima nilikaa kwenye benchi la wodi. Mimi niliyemwomba Mungu miaka yote ile amkaushe mwanangu, sasa nilikuwa namwomba amloweshe. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sala yenyewe ilikuwa neno moja tu, nalirudia.

Alasiri nilipeleka mkono chini ya blanketi ili nimgeuze. Palikuwa pamelowa, pana joto. Nikapiga vigelegele, wodi nzima ikageuka.

Mtoto akafumbua macho. Aligusa shuka, akanitazama, akaanza kulia.

"Nisamehe, mama," alisema. "Godoro nitalianika mwenyewe."