Uwanja wa Mgeni Rasmi

Nyuma ya nyumba yetu Bujonde kuna uwanja ambao watoto huuita Mgeni Rasmi. "Tukutane Mgeni Rasmi," huambiana, kama watoto wa kwingine wanavyosema tukutane mtoni. Waliozaliwa baada ya sherehe hawajui jina hilo limetoka wapi. Nilimuuliza mmoja wao, akanijibu bila kusita kwamba Mgeni Rasmi alikuwa babu fulani wa zamani mwenye mashamba mengi.

Huyo babu wa zamani ni kiongozi aliyekuja mchana mmoja nilipokuwa sekondari. Alivuta pazia dogo, jiwe la marumaru likaonekana, akapigiwa makofi, akala, akaondoka kabla ya mvua. Jiwe bado lipo. Linaeleza kwamba jiwe hili la msingi la zahanati limewekwa na yeye. Jina na cheo chake vimechongwa kwa herufi kubwa, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba ujenzi ni kwa nguvu za wananchi. Zahanati haipo. Kuna msingi wa upande mmoja tu, umefunikwa na nyasi, na mbuzi hupenda kusimama juu yake.

Kabla ya sherehe pale palikuwa na mikokoa, miti ya kokoa, aliyoipanda babu yangu. Baba alitoa kipande cha shamba kwa ajili ya zahanati, akakitoa bure na kwa moyo, na hakuna aliyemlazimisha. Wiki ya sherehe ndipo kamati ilipoona kwamba kile kipande kina tope na magari ya msafara yatakwama. Wakamwomba baba akate na mikokoa iliyokuwa kati ya kipande hicho na jiko letu, palipokuwa pakavu, ili turubai lisimame na magari yapate pa kugeuzia. Ilikuwa imebeba matunda. Baba akaikata. Alisema mgeni hapokewi kichakani, na wazee wote waliokuwepo wakaitikia, maana kwetu mgeni akifika, hata jogoo wa mbegu huchinjwa. Nilikuwa bweni. Niliporudi likizo nilikuta jua limeingia mpaka mlangoni mwa jiko, mahali ambapo tangu nizaliwe palikuwa na kivuli.

Miaka ikapita, nikamaliza chuo. Nilisomea sayansi ya siasa, na nikirudi nyumbani hakuna anayenisaidia kuficha kichekesho hicho. Siku niliyoshuka Ipinda, dereva wa bodaboda niliyesoma naye shule ya msingi aliniangalia kuanzia viatu kupanda juu.

"Msomi, umerudi na kazi au umerudi na begi?"

"Na begi."

"Panda basi. Ila begi lako halinilipi nauli."

Nilimkuta baba anafagia kulizunguka jiwe. Alikuwa na ufagio wa njukuti za mchikichi, amevaa shati lake la kanisani lililochakaa, na alifagia kwa utulivu kama anayefagia mbele ya altare. Mama hakuwepo. Yeye ni Mkisi wa mwambao wa ziwa, ng'ambo ya Matema, na alikuwa amerudi kwa dada yake kufinyanga vyungu "kwa muda". Muda huo ulikuwa umeshakula misimu ya mvua, na hakuna aliyeuita kwa jina lake.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kilichokuwa kimempata baba. Saruji ya zahanati iliondoka stoo. Mchanga, ambao akina mama waliubeba kichwani kutoka mtoni, ukaondoka nao. Kila mtu anajua vilikoenda: kuna nyumba ya wageni njiani kuelekea mjini, ya ghorofa moja, yenye rangi ya njano. Akina mama wakipita mbele yake hunyoosha kidole wakicheka. "Mchanga wangu ule," mmoja husema. "Wako uko chooni," hujibiwa, "wangu ndio ulioshika dirisha la mbele." Nilipousikia utani huo mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilijiuliza ni lini watu walichoka kukasirika.

Mwenye nyumba ile wanamwamkia. Aliyebaki na lawama ni baba, kwa sababu alikuwa mjumbe wa kamati, na kwa sababu hakuna anayeamini kwamba mtu anaweza kukata mikokoa inayozaa bila kupewa kitu. Hawakumtukana. Walimwachia tu nafasi pana kwenye benchi. Msiba wa jirani ulipotokea, wanaume walichimba kaburi kwa kupokezana, kama kawaida; baba alipovua koti ashike zamu, mtu akamwambia kwa heshima, "Pumzika mzee, vijana wapo." Aliyeshika jembe wakati huo alikuwa mkubwa kuliko baba. Niliona baba akivaa tena koti lake, kitufe kimoja baada ya kingine, kisha akaenda kukaa peke yake karibu na kuni.

Mimi ndiye mtu wa kuuliza kila kitu, basi nikamuuliza na baba.

"Tata, ulikula?"

Aliacha kufagia. "Gwe mwana, ningekuwa nimekula ningekuwa hapa nafagia?"

Si jibu ambalo mhadhiri wangu angelikubali. Mimi nililikubali, nikijua kwamba kuamini si kujua.

Msimu wa kampeni ulipofika, mgombea wa udiwani aliomba kufanyia mkutano kwenye uwanja wetu, kwa sababu ndipo palipo wazi. Baba alikubali. Walifunga bendera kwenye miti miwili, na kiti cha mgombea kikawekwa mbele ya jiwe, kiasi kwamba kila akijinyoosha kisogo chake kilifunika jina la mgeni rasmi. Alizungumzia barabara, bei ya kokoa, vijana. Kisha akataja zahanati. Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, zahanati ambayo jiwe lake liko nyuma ya kiti chako iko wapi?"

Mgombea akatabasamu kama aliyekuwa akilisubiri swali hilo tangu asubuhi. "Swali zuri sana la kijana wetu msomi. Ndiyo maana nasema tuanze upya. Mkinipa kura, tutaweka jiwe jipya, hapa hapa."

Makofi yakapigwa. Na katikati ya makofi sauti ikatoka nyuma: "Swali jingine kamuulize aliyefyeka mikokoa, unakaa naye nyumba moja."

Kicheko kilienea uwanja mzima. Nikamtafuta baba kwa macho. Alikuwa pembeni, kwenye kigoda alichotoka nacho nyumbani. Alikuwa anacheka pia, ila kicheko chake kilianza wakati cha wengine kinaisha, kwa hiyo kwa muda mfupi kikasikika peke yake.

Nilimpigia mama kesho yake, nikamweleza. Alisikiliza, kisha akauliza jambo moja: "Bado anafagia?"

"Bado."

"Mwambie aache kufagia, apande."

Sikumwambia. Nilidhani ni maneno ya mtu aliye mbali. Lakini baada ya uchaguzi, kamati mpya ilipokuja kumwomba baba akate mstari mwingine wa mikokoa ili jiwe jipya lipate nafasi na sherehe iwe kubwa kuliko ya kwanza, yeye mwenyewe aliwaambia hapana. Aliwakaribisha, akawapa maji ya kunywa na ndizi za kuchoma, kisha akasema hapana. Mwenyekiti akamuuliza kama anapinga maendeleo.

"Sipingi," baba alisema. "Yakija na matofali nitawapa hata chumba ninacholala. Mkija na turubai, sina nafasi."

Hivyo mtu yule yule aliyesemwa kwamba alikula akaanza kusemwa kwamba anazuia. Sherehe ikahamishiwa kijiji kingine, na huko, nasikia, kuna mtu amekata miembe.

Baba akaagiza miche ya kokoa airudishie uwanjani; ilipofika kutoka kitalu cha Ipinda, hakuipanda mara moja. Mvua zilikuwa zimechelewa. Viriba vyake, vile vifuko vya plastiki, vilikuwa vimeanza kuchanika. Jumapili moja gari la Matema likatuachia mzigo barabarani, umefungwa kwa majani ya migomba: vyungu vya mama, vile vilivyopasuka motoni, ambavyo kwao havitupwi bali hutumiwa kunyweshea kuku. Hakuwa ameandika neno. Baba alivigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye nyufa, akasema tu, "Ndaga fijo," akielekeza shukrani ziwani, ambako haliwezi kusikika neno lolote la Bujonde. Tukahamishia miche humo, maji ya ziada yakawa yanatokea kwenye nyufa.

Mvua iliponyesha tulianza kuchimba mashimo uwanjani. Timu ya mpira ya vijana ikaja ikasimama. Nahodha wao ni yule yule dereva wa bodaboda.

"Mzee, unatuharibia uwanja. Sasa tukacheze wapi?"

"Kachezeni zahanati," baba alisema bila kuinua kichwa.

"Zahanati ipi, mzee?"

"Hiyo hiyo."

Mmoja akacheka, wengine wakamfuata, kisha wakatazamana. Halafu wakaondoka na mpira wao. Siwezi kusema walielewa. Wiki iliyofuata tulikuta miche kadhaa imeng'olewa na kulazwa chali, mizizi juani. Baba alichimba upya bila kulaani mtu. Hata vijana wale nawaelewa: uwanja ule ndio kitu pekee ambacho mgeni rasmi aliwaachia.

Tukabaki na shimo moja, mbele ya jiwe. Hapo ndipo mimi na baba tulipogundua kwamba hatukuwa tunataka kitu kimoja.

"Usipande hapo, tata. Mkokoa ukikua utafunika maandishi."

"Ndicho ninachotaka."

"Watoto wakija kusoma kesho, watasomaje? Huo ndio ushahidi."

"Ushahidi wa nini? Limeandikwa jina langu?" Aliliangalia jiwe kama mtu anayelisoma kwa mara ya kwanza. "Watakaolisoma watajua kwamba kulikuwa na mkubwa aliyejenga zahanati, ikabomoka kwa uzembe wetu. Mimi nataka waseme hapa ni kwenye kokoa ya babu. Basi."

Nilibishana naye hadi tukachoka. Nilimwambia kwamba kusahau ndiko kunakowalinda walioiba saruji. Akaniambia kwamba mimi sijawahi kuambiwa nipumzike msibani. Alipoingia ndani kuota moto, nilipanda mche wa mwisho, lakini nikausogeza pembeni kidogo, ili mtu akiinama aweze kusoma herufi, zote, kubwa na ndogo.

Asubuhi niliukuta umehamishwa. Ulikuwa katikati kabisa, mbele ya jina la mgeni, udongo wake umeshindiliwa kwa nyayo za baba. Kando yake kilikuwapo kimoja cha vile vyungu vya mama vilivyopasuka, kimejazwa maji. Baba alikuwa amekwenda shamba la mpunga bila kuniamsha. Nilichuchumaa nikasoma jiwe lote, kuanzia cheo hadi nguvu za wananchi, polepole, kama mtu anayekariri. Kisha nikaumwagilia mche.