Nafasi ya Kidole Kimoja

Jamani, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, baba wa watoto wanne, nimeruka dirisha la nyumba yangu mwenyewe hapa Ngamiani, mchana kweupe, kikoi kikanasa kwenye komeo la dirisha nikakimbia na kaptura, na mtaa mzima ukanisikia nikilia "Mama nisamehe!" wakati mama ana mwaka kaburini. Chekeni tu, nimeshazoea.

Chanzo ni mbao za laminati, zile nyembamba za kutandika juu ya sakafu. Watu walikuwa wanakuja kumposa binti yangu Mwanaidi, nikataka sebule ipendeze, maana ilikuwa na ile sakafu ya sementi nyekundu ya marehemu mama (na pale katikati ndipo alipooshwa siku aliyofariki). Mke wangu Zuhura hakupenda kabisa. "Sakafu ya mama unaifunika?" Nikamwambia aache mambo ya kizamani.

Fundi Mhina akapanga mbao vizuri, ikabaki kumalizia pembezoni. Akaniambia, "Mzee, hapa ukutani tunaacha nafasi ya kidole kimoja kuzunguka chumba chote, halafu tunaifunika kwa ubao mwembamba, skatingi. Mbao hizi zinatanuka, zinataka kupumua."

Maneno hayo yalinikera, kwa sababu ndiyo yaleyale ya mama. Kitanda chake, kabati, hata mtungi, hakutaka kiguse ukuta, na kila asubuhi alikuwa anapitisha kidole nyuma ya vitu hivyo kuhakikisha, hasa kwenye kona yake ya nyuma ya mlango. "Uachieni ukuta upumue." Miaka yote nimeisikia hiyo, leo na fundi naye! Nikamwambia aende zake, pembezoni nitamaliza mwenyewe. Nikazikata mbao sawasawa na ukuta, nikazigonga kwa nyundo mpaka zikabana, na vijinafasi vilivyobaki nikavishindilia silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, nikianzia kona ya mama.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, tukasikia ko. Kimya. Halafu ko, ko, kutoka nyuma ya mlango kuja katikati ya chumba, mwendo wa mtu asiye na haraka. Zuhura akaacha kuchambua mchele.

"Umesikia?"

"Panya," nikasema. (Panya gani huyo anayetembea kwa mguu mmoja, sijui.)

Moyoni nilikumbuka maneno ya fundi, lakini nikiri kwamba nimeharibu? Thubutu! Zuhura akafukiza ubani, na kila alasiri ile ko ikaja ikapita mbele yetu, nami nikajifanya nasoma ujumbe kwenye simu.

Siku ya posa Zuhura akapiga deki kama tunavyopiga siku zote, ndoo mbili za maji na sabuni, anayasukuma yatoke mlangoni. Maji hayakufika mlangoni. Yalinywewa na sakafu hapohapo. Niliporudi kutoka kuswali adhuhuri nikakuta katikati ya sebule pameinuka, urefu wa mtu mzima aliyelala, palepale alipooshwa mama. Nikatandika mkeka juu yake ili wageni wasione, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi, maana ukiutazama ungedhani tumemfunika mtu.

Wageni wakaja, mjomba wa kijana mposaji na barua ya posa, na shangazi yake Bi Saumu, mama mwenye mwili wake. Wakavua viatu, wakapita kandokando ya ukuta, hakuna aliyeuliza. Mjomba alikuwa ndiyo anafungua barua, Bi Saumu akainama kuchukua haluwa, goti likaukandamiza mkeka. Chini kitu kikaguna. Halafu PAA! Mbao zikafumuka, mkeka ukainuka ukakaa kitako. Mwenye nyumba nikawa wa kwanza kutoka, na njia yangu mnaijua.

Wageni waliondoka na barua yao. Mwanaidi alilia mpaka sauti ikamkauka. "Baba, watasema nyumba yetu ina mashetani, nani atanioa?" Hilo liliniuma kuliko aibu yote. Kesho yake nikaenda Usagara kwao kijana, nikasema mbele ya ukoo wote: hakuna shetani, ni mimi, nilibana pembezoni kwa kiburi. Bi Saumu alicheka akajifuta machozi. "Kaka, kumbe mbao! Na wewe ndiye uliyetukimbia!" Barua ikarudi.

Nikamwita fundi Mhina, akazunguka na msumeno akiachia nafasi ukuta kwa ukuta, na sakafu ikashuka taratibu ikitoa pumzi ndefu, wallahi. Mwisho akafika nyuma ya mlango. Akapiga magoti, akachungulia.

"Mzee, si ulisema umebana kote?"

"Kote."

Akapitisha kidole. Kikaingia chote, kikateleza ukutani bila kukwama, silikoni hata chembe hakuna. "Sasa hapa nani kaacha nafasi?"

Zuhura akanitazama. Safari hii sikuruka dirisha, nikapiga magoti nami nikapitisha kidole changu.

Mwanaidi kaolewa, ana raha zake. Skatingi imezunguka chumba chote isipokuwa kona ile, na makabati yote ya nyumba hii nimeyasogeza mwenyewe yasiguse ukuta. Sitabishana tena na mtu kuhusu pembezoni. Kila asubuhi nikipita nyuma ya mlango nainama, napitisha kidole, nasema, "Shikamoo, mama."