Shangazi Ndani ya Kompyuta ya Ofisi

Katika masjala ile, anayefika wa kwanza ndiye anayewasha kompyuta zote. Jumatatu hiyo alitangulia mkuu wa masjala. Karani alipoingia, alimkuta ameduwaa mbele ya mashine aliyopewa yeye karani. Badala ya nembo ya ofisi, kwenye skrini alikuwamo mama mnene, futi ya kupimia shingoni, pini tatu mdomoni.

"Huyu nani?"

"Shangazi yangu, mama," karani alijibu. Ijumaa alisahau kuchomoa flashi.

Flashi hiyo ilibeba mfumo wake mwenyewe wa kuendesha kompyuta, uliofunguka kwa picha ya shangazi. Kila mapumziko ya mchana aliichomeka, akawasha mashine kwa mfumo huo, akachora michoro ya kukatia nguo. Akiichomoa, mashine ilirudi kuwa ya ofisi, bila hata alama. Shangazi, fundi cherehani aliyemlea, macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Mistari ya chaki hakuiona tena, na nyumbani hapakuwa na kompyuta. Michoro ya miezi mitatu ilikuwa humo, na nakala nyingine hapakuwa.

Fundi wa kompyuta akaitwa.

"Ifute hiyo flashi!" mkuu aliamuru.

"Kaka, nakuomba," karani alisema. "Ichomoe kwanza, uwashe, uangalie kama nimegusa kitu cha ofisi."

Fundi alikagua robo saa nzima, karani akijing'ata kucha.

"Mama, mafaili yote yako salama."

"Hata kama! Kwa nini hukuomba ruhusa?"

"Niliogopa mtakataa. Nimekosea, mama."

"Na ningekataa kweli." Mkuu alishusha pumzi. "Na huyo shangazi, mbona anakula pini?"

Fundi aliangua kicheko. "Mama, stoo kuna laptopu zinangoja kutupwa. Zilizokufa ni diski tu, na flashi ya dada haihitaji diski."

Mkuu akachukua kalamu kuandika kibali. "Moja tu. Na hii ya ofisi usiiguse tena na vitambaa vyako."

Jioni hiyo laptopu kuukuu ilikaa juu ya meza ya kukatia. Karani aliukuza mchoro wa sketi mpaka mistari ikanona kama kamba. Shangazi alisogeza uso, pua ikakaribia skrini.

"Naona!" alisema. "Lakini picha ile ya pini uitoe, wateja watadhani sina meno." Akagusa skrini. "Na hapa kiunoni umebana mno, mwanangu. Ongeza vidole viwili."